Mabao 67, Euro moja: kuielewa safari ya Alexandra Popp

Rekodi ya Alexandra Popp ukiisoma harakaharaka inakutega. Mshambuliaji huyu wa Ujerumani alicheza mechi 145 za timu ya taifa na kufunga mabao 67. Katika historia ya timu hiyo waliomzidi kwa mabao ni wawili tu: Birgit Prinz mwenye 128 na Heidi Mohr mwenye 83. Ujerumani nayo ndiyo iliyotwaa Euro ya wanawake, yaani ubingwa wa mataifa ya Ulaya, mara nyingi kuliko nchi yoyote, mara 8. Lakini Popp, aliyeichezea kuanzia 2010 hadi 2024, hana taji la Euro la wakubwa wala Kombe la Dunia la wakubwa. Ukigeukia klabu, mambo ni kinyume kabisa: Kombe la Ujerumani mara 13, ubingwa wa ligi mara 7, ubingwa wa Ulaya wa klabu mara 3.

Wengi hulimaliza suala hili kwa neno moja: bahati. Mimi naona neno hilo linaficha mengi. Ukiipanga miaka yake kwa tarehe, unakuta mambo matatu yamesukana kama mkeka. Kuna kanuni ya zamani ya kufuzu Olimpiki, kuna majeraha yaliyomwangukia miaka ya Euro, na kuna suala la nafasi uwanjani, kwa sababu kwa muda mrefu Popp hakuchezeshwa kama mshambuliaji wa kati.

Kwanza tutenganishe makombe

Popp huitwa "bingwa wa dunia" mara kwa mara. Ni kweli, ila ni wa vijana chini ya miaka 20. Fainali zile zilichezwa Ujerumani mwaka 2010. Akiwa na miaka 19 alifunga mabao 10 katika mechi 6, na hakuna mechi aliyotoka bila bao: Costa Rica, Kolombia, Ufaransa, Korea Kaskazini, Korea Kusini, kisha Nigeria kwenye fainali mjini Bielefeld, tarehe 1 Agosti. Siku hiyo alifungua lango dakika ya 8 na Ujerumani ikashinda 2-0. Tuzo ya mchezaji bora akachukua yeye, ya mfungaji bora akachukua yeye. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshatwaa Euro ya vijana chini ya miaka 17. Kwa hiyo ukikuta "bingwa wa dunia" na "bingwa wa Ulaya" kwenye wasifu wake, ujue ni za vijana.

Mataji ya klabu Ulaya nayo yana mtego wake. Wengine huandika mawili, wengine matatu. La kwanza alilipata mwaka 2009 akiwa na FCR 2001 Duisburg, na wakati huo mashindano yaliitwa Kombe la UEFA la Wanawake. Duisburg waliifunga Zvezda ya Perm, Urusi, 6-0 ugenini, wakatoka sare 1-1 nyumbani. Msimu uliofuata UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikayabadilisha jina, yakawa Ligi ya Mabingwa. Ndani ya jina jipya Popp alishinda mara mbili akiwa na VfL Wolfsburg, 2013 na 2014. Kombe ni lilelile kwa ukoo, kwa hiyo hesabu sahihi ni tatu.

Dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 ndiyo taji lake kubwa la taifa, na hapa msomaji aliyezoea soka ya wanaume anaweza kuidharau bila kujua. Kwa wanaume, Olimpiki ni mashindano ya vijana chini ya miaka 23, na kila timu inaruhusiwa kuongeza wakubwa wachache. Kwa wanawake hakuna kikomo cha umri: kila nchi huleta kikosi chake cha kwanza. Kwa hiyo ile fainali ya Maracanã ambayo Ujerumani iliifunga Uswidi 2-1 ilikuwa fainali ya wakubwa kamili.

Alikotoka

Alizaliwa Witten tarehe 6 Aprili 1991, katika ukanda wa Ruhr, eneo la makaa ya mawe na chuma ambako kila mtaa una klabu yake. Alianzia FC Silschede, akapita 1. FFC Recklinghausen, akafika Duisburg mwaka 2008. Jambo lililomtofautisha na wenzake wa rika lake ni shule. Alisoma Gesamtschule Berger Feld ya Gelsenkirchen, shule inayofanya kazi bega kwa bega na akademi ya Schalke, iliyowapitisha akina Manuel Neuer na Mesut Özil. Programu yake ya soka ilikuwa ya wavulana. Popp alipewa ruhusa maalumu, akawa msichana pekee mazoezini.

Hilo lina maana ya kiufundi zaidi ya kuwa kisa cha kusisimua. Msichana wa miaka 16 anayegombea mpira wa juu na wavulana wa akademi hawezi kuwashinda kwa nguvu. Analazimika kushinda kwa kuanza mapema na kwa kusimama mahali sahihi kabla mpira haujapigwa. Ukimtazama Popp akiwa na miaka 31, karibu kila bao lake la kichwa lina alama ya somo hilo.

Duisburg kwenda Wolfsburg, na kwa nini ilikuwa lazima

Duisburg ilikuwa klabu ya wanawake inayojitegemea, bila klabu ya wanaume nyuma yake. Katika miaka ya 2000 soka ya wanawake ya Ujerumani ilibebwa na klabu za aina hiyo: Turbine Potsdam, 1. FFC Frankfurt na hiyo Duisburg. Popp alishinda nayo Kombe la Ujerumani mara mbili, 2009 (Potsdam walipigwa 7-0 katika fainali) na 2010. Ligi hawakuipata, kwa kuwa Potsdam waliichukua mfululizo kuanzia 2009 hadi 2012.

Kisha mfumo ukabadilika. Klabu za wanaume zenye fedha zilianza kuwekeza katika timu zao za wanawake, na zile za kujitegemea zikashindwa kumudu mishahara, madaktari na viwanja. FCR Duisburg ilifilisika, na timu yake ikachukuliwa na MSV Duisburg mwaka 2014. Frankfurt nao walijiunga na Eintracht mwaka 2020. Popp alihamia Wolfsburg mwaka 2012, klabu inayomilikiwa na kampuni ya magari ya Volkswagen, na msimu wake wa kwanza tu wakabeba mataji matatu: ligi, kombe na Ligi ya Mabingwa, ambako waliwafunga Lyon 1-0 London kwa penalti ya Martina Müller.

Hata hivyo usidhani fedha zilikuwa za kutosha kulala usingizi. Katika miaka hiyohiyo ya mataji, Popp alisomea kazi ya kutunza wanyama katika bustani ya wanyama ya Essehof, karibu na Braunschweig, akigawa siku yake kati ya mabanda na mazoezi. Mchezaji aliyeshika kombe la Ulaya alikuwa bado anajiwekea cheti cha kazi nyingine pembeni, na hilo halikuwa ajabu kwa kizazi chake.

Kombe la Ujerumani lilikuwa kama mali ya Wolfsburg. Baada ya 2013 walilichukua tena kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2024, mara 10 mfululizo. Ongeza yale mawili ya Duisburg, unapata 13 ya Popp. Ligi aliitwaa 2013, 2014, 2017, 2018, 2019, 2020 na 2022.

Upande wa Ulaya ndiko kwenye maumivu. Timu zake zilifika fainali 7 na kushinda 3. Katika fainali nne tofauti za Ligi ya Mabingwa Popp alifunga bao: 2014 dhidi ya Tyresö (4-3, baada ya kuwa nyuma 2-0), 2016 dhidi ya Lyon, 2020 dhidi ya Lyon tena, na 2023 dhidi ya Barcelona. Ya 2016 aliyasawazishia matokeo dakika za mwisho, mikwaju ya penalti ikawaangusha. Ya 2020 wakafungwa 3-1. Ya 2023, pale Eindhoven, alifunga kwa kichwa na kuwapa uongozi wa 2-0 kabla ya mapumziko, Barcelona wakarudi na kushinda 3-2. Na ile ya 2018 mjini Kyiv ina fundisho lake. Mechi iliisha 0-0, Wolfsburg wakapata bao mwanzoni mwa muda wa nyongeza, na dakika tatu baadaye Popp akala kadi ya pili ya njano. Wakiwa 10 dhidi ya Lyon walioshiba wachezaji wa akiba, waliruhusu mabao manne. Popp ni mchezaji wa kuingia kwenye mpira kwa mwili mzima. Sifa hiyohiyo inayomfungia mabao ndiyo iliyomtoa uwanjani usiku ule.

Kalenda: fundo lenyewe

Sasa tuje kwenye timu ya taifa. Popp alianza Februari 2010, yaani miezi michache baada ya Ujerumani kutwaa Euro ya 2009. Mlango wa kwanza ulishafungwa.

Mwaka 2011 Ujerumani iliandaa Kombe la Dunia ikiwa bingwa mtetezi. Ikatolewa robo fainali na Japani, 1-0 katika muda wa nyongeza, mjini Wolfsburg. Hapa ndipo ile kanuni inapoingia. Kwa miaka mingi UEFA haikuwa na mechi za kufuzu Olimpiki kwa wanawake. Nafasi za Ulaya walipewa waliofika mbali zaidi kwenye Kombe la Dunia la mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kipigo kimoja kilikula mashindano mawili: Kombe la Dunia la 2011 na Olimpiki ya London 2012, ambako Ujerumani haikuonekana kabisa. Jambo lilelile likajirudia 2019. Ujerumani ilifungwa 2-1 na Uswidi katika robo fainali mjini Rennes, nafasi za Tokyo zikaenda kwa Uingereza, Uholanzi na Uswidi. Popp, akiwa nahodha, alipoteza Olimpiki ya pili bila hata kucheza mechi ya kuifuzu.

Katikati ya hayo yako majeraha. Mwaka 2013 kano za kifundo cha mguu zilimweka nje ya Euro ya Uswidi. Ujerumani ikaichukua bila yeye, 1-0 dhidi ya Norwei, bao la Anja Mittag, huku kipa Nadine Angerer akiokoa penalti mbili. Hiyo ndiyo Euro pekee ambayo Ujerumani ilishinda katika miaka yote ya Popp, na ndiyo aliyoikosa. Mwaka 2017 goti likamkosesha Euro ya Uholanzi, na Ujerumani ikatolewa robo fainali na Denmaki.

Mwaka 2021 goti likarudi, safari hii gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Msuli ukichanika una damu ya kutosha, na damu ndiyo inayoleta malighafi ya kujengea upya. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo hupona polepole mno, na mara nyingi haipati tena ubora wake wa awali. Kwa mshambuliaji anayeishi kwa kuruka na kutua, kila mruko ni mzigo juu ya sehemu hiyohiyo. Alirudi uwanjani mapema 2022, akakaribia Euro ya Uingereza, kisha akapata korona kabla ya mashindano.

Angalia jinsi kalenda ilivyomsaidia mara moja tu. Euro ile ilipangwa kuchezwa 2021, mwaka ambao goti lilimlaza. Janga la korona liliisogeza hadi Julai 2022. Bila kuahirishwa huko, huenda asingecheza Euro hata moja maishani mwake.

Jezi namba 11, kazi ya namba 9

Ukigawanya mabao yake kwa mechi unapata 0.46 kwa mechi. Prinz ana karibu 0.60, na Mohr, aliyefunga 83 katika mechi 104, ana 0.80. Je, Popp alikuwa mmaliziaji dhaifu? Takwimu hiyo inalinganisha kazi tofauti. Prinz na Mohr walikuwa washambuliaji kwa sehemu kubwa ya miaka yao. Popp alianza kama winga wa kushoto, ndiyo maana ya ile namba 11 mgongoni, na Wolfsburg kwa misimu kadhaa alichezeshwa kiungo, hata kiungo wa kukaba. Makocha walimpenda huko kwa sababu anashinda mipira ya juu katikati ya uwanja na hachoki kukimbia. Gharama yake ni kwamba mchezaji wako bora wa kichwa anakuwa mita 30 kutoka langoni krosi inapopigwa.

Aliporudishwa mbele kabisa, hesabu ilibadilika. Msimu wa 2022/23, akiwa anakimbilia miaka 32, alikuwa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mabao 16, na mwaka 2023 akachaguliwa mwanasoka bora wa kike wa Ujerumani kwa mara ya tatu, baada ya 2014 na 2016.

Kichwa chake kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa watu hudhani ni suala la urefu. Ana mita 1.74, si mfupi, lakini mabeki wengi wa kati wa Ulaya wanamfikia au kumpita. Anachofanya kinaweza kugawanywa hatua kwa hatua.

Kwanza hasimami mbele ya beki. Anakaa nyuma ya bega lake, upande wa nguzo ya mbali, ili beki alazimike kuchagua kati ya kuutazama mpira na kumtazama yeye. Hawezi kuona vyote viwili. Pili, hakimbii mpira ukiwa bado unachezewa. Anasubiri mpiga krosi ainamishe kichwa kuutazama mpira, ishara kwamba mguu unakuja, ndipo anaanza hatua zake tatu au nne za kasi. Akianza mapema, atakuwa amesimama chini ya mpira, na mruko wa kusimama ni mfupi kuliko mruko wa kukimbia. Tatu, anaruka kwa mguu mmoja, mikono ikiwa imefunguka kujitengenezea nafasi bila kusukuma mgongo wa beki, maana mkono ukinyooka tu mwamuzi anapuliza. Nne, shingo inakazwa na paji la uso ndilo linalokutana na mpira, macho yakiwa wazi hadi mwisho.

Makosa ya washambuliaji wengi yako katika hatua hii ya mwisho. Mpira ukigonga utosi badala ya paji, unapaa juu ya mtambaa panya. Ukifumba macho, unagonga pembeni ya kichwa, unatoka nje au unakuumiza. Na ukipiga kichwa cha kawaida kuelekea katikati, kipa anadaka. Popp hupenda kuushusha mpira chini udunde mbele ya mstari, kwa sababu kipa aliyekwisha kuruka hawezi kurudi chini kwa wakati.

Mchezo huo una bei yake. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2015 mjini Montréal, yeye na Morgan Brian wa Marekani waligongana vichwa kwa kishindo wakiugombea mpira wa faulo. Popp alitoka damu. Wote wawili waliendelea kucheza, jambo lililozua mjadala mkali kuhusu jinsi mtikisiko wa ubongo unavyopimwa uwanjani, na kwa haki kabisa: dakika chache za kufunga bandeji hazitoshi kujua hali ya ubongo.

Uingereza 2022

Hakuanza kikosini. Nafasi ya namba 9, yaani mshambuliaji wa kati, ilikuwa ya Lea Schüller, na kocha Martina Voss-Tecklenburg, aliyemfundisha Popp tangu Duisburg, alimwingiza kama mbadala dhidi ya Denmaki. Dakika ya 86 akajitupa mbele kwenye krosi ya Sydney Lohmann, kichwa, 4-0. Lilikuwa bao lake la kwanza katika Euro, akiwa na miaka 31. Kisha Schüller akakutwa na korona, na Popp akaanza mechi ya Hispania.

Baada ya hapo hakutoka. Dhidi ya Hispania, kona ya Felicitas Rauch, kichwa, 2-0. Dhidi ya Finlandi, krosi, kichwa. Dhidi ya Austria kwenye robo fainali, bao la dakika ya 90 ambalo halikutokana na krosi yoyote: alimkimbilia kipa Manuela Zinsberger aliyekuwa akiuondosha mpira, mpira ukamgonga Popp na kuingia wavuni. Wapo walioliita bao la bahati. Mimi naliona ndilo linaloeleza zaidi yeye ni mchezaji wa aina gani. Dakika ya 90, timu ikiongoza 1-0, mshambuliaji wa miaka 31 mwenye goti lililotoka hospitalini anamkimbilia kipa kwa kasi kamili. Bahati huanzia kwenye mbio hizo.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Ufaransa, Milton Keynes, tarehe 27 Julai. Dakika ya 40 Svenja Huth anapiga krosi kutoka kulia. Popp yuko nyuma ya beki, beki anaungoja mpira umfikie. Popp haungoji. Anajitupa mbele yake na kuugonga kwa mguu palepale, ukiwa bado hewani, na mpira uko wavuni kabla beki hajageuka. Ufaransa wakasawazisha kabla ya mapumziko. Dakika ya 76, Huth tena, kulia tena, na sasa ni kichwa katikati ya mabeki. 2-1.

Mabao 6 katika mechi 5, akifunga katika kila mechi, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyekuwa amelifanya katika Euro moja ya wanawake. Idadi hiyo ililingana na rekodi ya Inka Grings ya 2009. Mwingereza Beth Mead naye alimaliza na 6, na Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, kikaenda kwake. Wanaolalamika kuhusu hilo wamesahau kanuni: wafungaji wakilingana, zinahesabiwa pasi za mabao, na Mead alikuwa na 5.

Fainali ilikuwa Wembley, tarehe 31 Julai, mbele ya watazamaji 87,192. Jina la Popp lilikuwa kwenye orodha ya wanaoanza. Wakati wa kupasha misuli moto, msuli ukakataa. Alijaribu kupiga mashuti machache, akazungumza na benchi la ufundi, akatoka. Schüller akaingia kikosini, kitambaa cha unahodha akavaa Huth.

Kwa nini nahodha atolewe kwa maumivu ambayo pengine angeyavumilia? Msuli wenye hitilafu ndogo huweza kubeba mwendo wa kawaida, lakini mbio za ghafla huufungua zaidi, na kwa mchezaji ambaye mchezo wake wote ni kuanza ghafla, hiyo ni sawa na kuingia uwanjani bila silaha. Tena timu inaweza kulazimika kupoteza badiliko moja dakika ya kumi. Uamuzi ulikuwa sahihi kitabibu, na ulikuwa mchungu. Uingereza waliongoza kupitia Ella Toone, Lina Magull akasawazisha dakika ya 79, na Chloe Kelly akamaliza kazi dakika ya 110.

Mwaka uliofuata, na mwisho wake na taifa

Kombe la Dunia la 2023 kule Australia lilikuwa kinyume cha Uingereza: Popp alikuwa mzima, timu ndiyo iliyovunjika. Alifunga mabao mawili ya vichwa dhidi ya Moroko (6-0), penalti dhidi ya Kolombia, na kichwa dhidi ya Korea Kusini. Mabao 4 katika mechi 3, na bado Ujerumani ikaaga hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Watu huuliza inawezekanaje timu iliyoshinda 6-0 itoke, na iliyofungwa 6-0 ipite. Jibu ni kwamba pointi huhesabiwa kabla ya mabao. Kolombia waliifunga Ujerumani 2-1, bao la ushindi likija dakika ya saba ya nyongeza kutokana na kona. Siku ya mwisho Moroko wakawafunga Kolombia 1-0, wote wawili wakafikisha pointi 6. Ujerumani, iliyotoka sare 1-1 na Korea Kusini mjini Brisbane, ikabaki na 4. Yale mabao sita hayakuwa na pa kutumika. Katika sare hiyo Popp alisawazisha kabla ya mapumziko, akafunga tena, VAR (mwamuzi wa video) ikasema ameotea, kisha kichwa kingine kikagonga mtambaa panya. Yote ndani ya mechi moja.

Kwa Olimpiki ya Paris 2024 ile kanuni ya zamani ilikuwa imeondolewa, na nafasi za Ulaya zikatolewa kupitia Ligi ya Mataifa. Ujerumani ilifungwa na Ufaransa katika nusu fainali, lakini Ufaransa walikuwa tayari na nafasi kama wenyeji, hivyo mechi ya mshindi wa tatu ikawa ya tiketi. Ujerumani waliifunga Uholanzi 2-0 mjini Heerenveen. Kanuni ya kale ingewaacha nyumbani, maana Kombe la Dunia lilishawaendea vibaya. Chini ya kocha Horst Hrubesch wakarudi na shaba baada ya kuifunga Hispania 1-0 kwa penalti ya Giulia Gwinn, na Ann-Katrin Berger akaizuia penalti ya Alexia Putellas dakika za majeruhi.

Mechi ya mwisho ya Popp na timu ya taifa ilikuwa tarehe 28 Oktoba 2024 dhidi ya Australia. Ujerumani ilifungwa 2-1. Uwanja ulikuwa wa Duisburg, mji uleule alikoanza na timu ya wakubwa mwaka 2010. Mgongoni alikuwa bado na namba 11, na baada ya hapo akarudi Wolfsburg kumalizia msimu.